Tusiwavishe Babu na Bibi Kilemba cha Ukoka

Aprili 2025, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilikubaliana mjini Geneva kuunda kikundi kazi cha serikali za mataifa mbalimbali kitakachoandaa mkataba wa kimataifa wa haki za wazee. Miezi mitano kabla yake, tarehe 4 Novemba 2024, Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee, iliyopitishwa tangu Januari 2016, ilikuwa imeanza kutumika baada ya kuridhiwa na nchi 15. Habari zote mbili zilipita bila kishindo. Pale zilipozungumzwa, nimezisikia zikipokewa kwa maneno yaleyale: hizo ni sheria za watu waliowatupa wazee wao, penye familia, babu na bibi hawahitaji mkataba, wanahitaji upendo, na upendo tunao. Ushahidi unaotolewa ni sherehe. Tazameni, tunaambiwa, jinsi siku za kuwaenzi babu na bibi zinavyoongezeka shuleni, kanisani na mitandaoni.

Naona habari hizo zimesomwa vibaya, na sherehe zenyewe pia. Sherehe nyingi humpamba babu au bibi kama mtu aliyekwisha kumaliza kazi yake duniani: amelea, amejenga, sasa akae kitini tumwimbie. Lakini wengi wa hao tunaowaimbia hawajamaliza. Kesho yake alfajiri ndio wanaoamka kuwaandaa wajukuu waende shule, ndio wanaokesha na mtoto mwenye homa, ndio wanaopatanisha ndugu waliogombana. Tunawashukuru kwa ya jana ili tusiulizwe ya leo. Hoja yangu ni kwamba heshima kwa babu na bibi ipimwe kwa mambo ya kawaida kabisa: nani aliulizwa kabla ya kubebeshwa mzigo, nani anapata mapumziko, nani ana fedha mkononi mwake, na nani anasikilizwa wakati uamuzi bado haujafanyika. Sherehe isiyogusa hayo ni kilemba cha ukoka.

Siku hizi maalumu hazikuanza zikiwa tupu. Marekani ilipata siku yake ya kitaifa mwishoni mwa miaka ya 1970, chini ya Rais Jimmy Carter, baada ya kampeni ya miaka kadhaa ya Marian McQuade, mama wa watoto 15 kutoka jimbo la West Virginia. Kilichomsukuma ni wazee aliowaona katika nyumba za kutunzia wazee, ambao hakuna aliyekuwa akiwatembelea. Poland ina siku mbili zinazofuatana, ya bibi tarehe 21 Januari na ya babu tarehe 22. Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 1 Oktoba kwa azimio la Desemba 1990, na Papa Fransisko akaanzisha mwaka 2021 siku ya kanisa zima kila Jumapili ya nne ya Julai, karibu na kumbukumbu ya Yoakimu na Anna, ambao kwa mapokeo ni babu na bibi wa Yesu. Ufaransa nayo ina siku ya bibi mwezi Machi, iliyobuniwa mwaka 1987 na kampuni ya kahawa. Ukizipanga namna hiyo unaona jinsi nia zinavyoweza kutofautiana chini ya jina moja. Mmoja alitaka watu wawatembelee waliosahaulika, mwingine alitaka kuuza. Kwa hiyo kuwepo kwa siku hakutuambii lolote kuhusu hali ya anayesherehekewa.

Mfano unaonifikirisha zaidi ni wa Japani. Nchi ile ina sikukuu ya kitaifa ya kuwaheshimu wazee tangu 1966, na tangu 1963 serikali imekuwa ikimpa kikombe cha madini ya fedha kila anayetimiza miaka 100. Mwaka ule wa kwanza waliofikisha umri huo au kuupita walikuwa 153 nchi nzima. Kufikia Septemba 2024 walikuwa 95,119. Mwaka 2016 serikali iliacha kutoa vikombe vya fedha halisi ikaanza kutoa vilivyopakwa fedha juu tu, kwa sababu gharama ilikuwa imepanda mno. Simlaumu mtu kwa hesabu hiyo. Lakini inaonyesha kwamba heshima iliyojengwa juu ya uchache wa wazee hupungua uzito kadiri wazee wanavyoongezeka. Zamani kumfikia mjukuu ukiwa hai ilikuwa bahati, na babu mmoja mwenye mvi aliweza kuwa hazina ya kijiji kizima. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ifikapo 2030 mtu mmoja kati ya sita duniani atakuwa na umri wa miaka 60 au zaidi. Adabu tuliyorithi ilitungwa kwa ajili ya wazee wachache walioishi miaka michache baada ya kupata wajukuu. Leo mtu anaweza kuwa bibi kwa miaka 30 au 40. Kumpigia magoti na kumpa kiti cha mbele kunafaa, ila hakujibu swali la ataishije miaka yote hiyo, na atafanya kazi gani ndani yake.

Na kazi ipo. Wanasayansi wamejiuliza kwa muda mrefu kwa nini wanawake huishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa, jambo lililo adimu sana kwa wanyama wengine. Mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake, waliofanya utafiti kati ya Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania, waliona wanawake wazee wakitumia saa nyingi kuchimba mizizi, na chakula hicho kikiwafikia wajukuu hasa pale mama zao walipokuwa na mtoto mchanga. Kutokana na kazi hiyo, miaka ya 1990 walitoa hoja kwamba binadamu ameishi maisha marefu kwa sababu bibi alikuwa wa lazima. Mwaka 2004 Mirkka Lahdenperä na wenzake walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za familia za zamani za Finland na Kanada: kwa kila miaka kumi mwanamke aliyoishi baada ya kutimiza 50, alipata kwa wastani wajukuu wawili zaidi. Wataalamu bado wanabishana kuhusu nguvu ya maelezo haya, hasa upande wa babu, ambao ushahidi wake ni hafifu zaidi. Ila picha ya bibi kama nguzo ya uzalishaji, na si pambo la sebuleni, imesimama imara.

Sasa tazama jinsi kazi hiyo inavyogawiwa leo. Wazazi wanahamia mjini au ng'ambo kutafuta riziki, watoto wanabaki kwa bibi. Ndoa inavunjika, mtoto anapelekwa kwa bibi. Ukimwi ulipochukua kizazi cha kati katika sehemu kubwa ya mashariki na kusini mwa Afrika, bibi walizika watoto wao na kuanza kulea upya wakiwa na miaka 60 na 70, mara nyingi bila kipato chochote. Kuna bibi mmoja wa ukoo wetu anayelea wajukuu kutoka kwa watoto wake wawili. Mtoto wa kwanza aliletwa akae kidogo, mama yake ajipange. Hakuondoka. Wengine wakafuata kwa maneno hayohayo. Hakuna siku familia ilikaa kikao ikamwuliza kama anataka, kama anaweza, na kama hataweza itakuwaje. Sidhani kuna mwenye nia mbaya ndani ya habari hii. Ndiyo maana naona tatizo ni la mazoea: kwa bibi hatuombi, tunaacha.

Hapa ndipo linapokuja jibu ninaloliona dhaifu kuliko yote, ingawa ndilo linalopendwa zaidi: kwamba kulea mjukuu si kazi, ni furaha, kwamba ukimwuliza bibi utamwudhi, kwa sababu wajukuu ndio wanaompa uhai. Wanaolisema huweza hata kutaja utafiti. Ni kweli kwamba uchambuzi wa takwimu za wazee wa Berlin, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kuwa babu na bibi waliowasaidia wajukuu mara kwa mara walikuwa na hatari ndogo ya kufa, kwa takriban asilimia 37, wakilinganishwa na wasiowasaidia. Lakini waliopimwa ni wale wanaosaidia, si wale walioachiwa. Wazee wenye jukumu lote la kumlea mjukuu hawakuwemo katika kundi hilo. Kuchukua matokeo ya bibi anayekaa na mjukuu Jumamosi na kumpachika bibi anayebeba ada, magonjwa na malezi ya watoto wanne, ni kuchanganya mambo mawili yasiyofanana. Tena furaha haiondoi uchovu. Mwalimu anayependa kufundisha hatumnyimi mshahara kwa sababu anapenda. Na kama kweli bibi anafurahia, kumwuliza hakutampunguzia furaha hiyo. Kutampa nafasi ya kusema ndiyo kwa kinywa chake, jambo ambalo wengi hawajawahi kupewa.

Hoja ya pili ni nzito kidogo: kwamba jamii zenye familia pana tayari zina mfumo wa heshima, na sheria za kimataifa zitauvunja zaidi kuliko kuujenga. Sehemu yake ni ya kweli. Mzee anayeishi ndani ya kaya yenye vizazi vitatu hupata vitu ambavyo hakuna ofisi inayoweza kumpa. Lakini hoja hii inadai kuwa penye familia hapana dhuluma, na hilo halisimami. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu mtu mmoja kati ya sita wenye miaka 60 au zaidi alipatwa na aina fulani ya unyanyasaji katika mwaka mmoja, akiwa katika jamii yake, si katika nyumba ya wazee. Itifaki ya Afrika, iliyoandikwa na serikali za Kiafrika wenyewe, ililazimika kuzungumzia wazee wanaotuhumiwa uchawi, na wanawake wazee wanaonyang'anywa mali. Yaliwekwa humo kwa sababu yanatokea, na yanatokea mikononi mwa ndugu na majirani, watu wanaojua vizuri kabisa namna ya kumwamkia mkubwa. Mtu anaweza kumwamkia bibi kwa adabu asubuhi na jioni akapanga namna ya kuuza shamba lake.

Isitoshe, ukiisoma Itifaki hiyo utakuta kitu ambacho wapinzani wake hawakisemi. Ina kifungu kizima, cha 12, kuhusu kuwasaidia wazee wanaolea watoto walio katika mazingira magumu: nchi zinatakiwa kuweka hatua za kuwapatia msaada wa kifedha na wa kijamii. Hiyo ni sheria iliyomwona bibi alivyo, yaani mlezi aliye kazini. Haikusema apelekwe kwenye nyumba ya wazee, wala haikuchukua nafasi ya familia. Imesema anayebeba asaidiwe. Nikiiweka kando ya keki na hotuba za siku moja, najua ipi imemtazama bibi usoni.

Pingamizi ninaloliogopa kweli ni la tatu, nalo linastahili kujibiwa kwa uangalifu. Je, sheria inaweza kuamrisha mapenzi? China ilirekebisha sheria yake ya haki za wazee, na tangu Julai 2013 watoto wanaoishi mbali wanatakiwa kuwatembelea wazazi wao mara kwa mara. Ziara inayofanywa kwa kuogopa sheria ina thamani gani kwa anayetembelewa? Upande mwingine kuna kesi ya Troxel dhidi ya Granville, ambayo Mahakama Kuu ya Marekani iliiamua mwaka 2000. Babu na bibi waliofiwa na mtoto wao wa kiume walitaka muda zaidi na wajukuu kuliko mama wa watoto alivyokubali, na mahakama ikasimama na mama, ikisema haki ya mzazi kuamua malezi ya watoto wake haiwezi kupuuzwa hivihivi. Ufaransa imechukua njia nyingine: sheria yake ya kiraia inasema ni mtoto ndiye mwenye haki ya kuwa na uhusiano na babu na bibi zake, na maslahi ya mtoto pekee ndiyo yanayoweza kuuzuia. Mimi naona Wafaransa wamelikamata vizuri zaidi, kwa sababu wamemwondoa mtoto katikati ya kamba inayovutwa pande mbili. Hata hivyo nakubali kwamba ndani ya mahusiano, sheria ina mkono mfupi. Kuna mabibi na mababu wanaoingilia ndoa za watoto wao, wanaobagua wajukuu, wanaotaka utii usio na mipaka. Kumheshimu mtu kama huyo hakumlazimu mama kumkabidhi mtoto. Heshima na mamlaka ni vitu viwili, na sherehe zetu huvichanganya mno.

Lakini mkono wa sheria ulio mfupi katika mapenzi ni mrefu katika mambo mengine, na huko ndiko unakohitajika. Uingereza, tangu 2011, inamruhusu bibi au babu ambaye hajafikia umri wa pensheni, akiwa anamlea mjukuu chini ya miaka 12 ili mzazi afanye kazi, ahesabiwe michango ya pensheni kana kwamba yeye mwenyewe yuko kazini. Hungaria ilianza mwaka 2020 kuwalipa posho babu na bibi walio katika ajira wanaoacha kazi kukaa na mjukuu mdogo. Sweden, kuanzia Julai 2024, inamruhusu kila mzazi kuhamisha hadi siku 45 za likizo yake ya malezi yenye malipo kwa mtu mwingine, akiwemo bibi au babu. Hakuna hata moja kati ya hatua hizi inayomwambia mtu ampende nani. Zinasema tu kwamba muda wa mzee una thamani, na anayeutoa asipoteze pensheni au kipato kwa kuutoa. Najua nchi nyingi hazina fedha za Sweden. Lakini tusijifiche nyuma ya umaskini: kumtambua bibi kisheria kama mlezi, ili aweze kumwandikisha mjukuu shule na kuidhinisha matibabu yake bila kusubiri mzazi aliye ng'ambo, hakuhitaji hazina kubwa.

Kuhusu fedha yenyewe, kuna ushahidi ambao ungepaswa kujulikana zaidi. Afrika Kusini ilipopanua pensheni ya wazee kwa Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1990, mchumi Esther Duflo, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2019, alifuatilia watoto wanaoishi katika kaya za wapokeaji. Pale pensheni ilipopokewa na mwanamke, afya na kimo cha wajukuu wa kike kiliimarika. Ilipopokewa na mwanamume, hakuona mabadiliko ya namna hiyo. Somo hili lina makali mawili. La kwanza, fedha mkononi mwa bibi huwafikia watoto, hivyo pensheni ya wazee ni sera ya watoto pia. La pili si tamu kwa wote: tunapowasifu babu na bibi kwa pumzi moja, tunaficha kwamba mzigo wa malezi haugawanywi sawa baina yao. Babu wapo wanaolea, tena kwa moyo. Lakini siku ya sherehe sifa hugawanywa nusu kwa nusu, na kesho yake kazi hairudi kugawanywa.

Katika jamii, mfano bora wa heshima ninaoufahamu haukuanza kama sherehe. Mwaka 2006 daktari wa afya ya akili Dixon Chibanda, akiwa Harare, Zimbabwe, katika nchi iliyokuwa na madaktari wachache mno wa fani yake, aliwafundisha mabibi 14 kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza watu wenye msongo na sonona, kisha kuwasaidia kupanga hatua za kutatua shida zao. Matokeo ya jaribio la kitabibu yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa waliohudumiwa kwenye benchi walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika Malawi, Zanzibar na hata New York. Tazama kilichofanyika pale: walipewa mafunzo, wakapewa nafasi inayotambulika, na matokeo ya kazi yao yakapimwa kwa vigezo vilevile vya kazi ya mtaalamu mwingine yeyote. Tunasema penye wazee haliharibiki neno, kisha tunafanya kikao cha familia mzee akiwa jikoni. Mabibi wa Harare walikalishwa mahali neno linapoamuliwa.

Kwa familia inayotaka kuadhimisha siku, basi, ningependa iadhimishe kwa namna itakayobadilisha siku inayofuata. Kikao kifanyike bila zawadi mezani. Bibi aulizwe anachoweza na asichoweza, na jibu la hapana lisimgharimu mapenzi ya mtu. Kila mtoto wake aseme anachangia nini na lini, kwa kiasi na tarehe, maana ahadi ya "tutaangalia" wazee wameisikia vya kutosha. Shule zinazowaalika wazee kucheza ngoma zianze kuwaalika pia kwenye mikutano ya wazazi, kwa kuwa wengi wao ndio wazazi wa vitendo. Na wajukuu wakubwa wafundishwe kwamba kumpunguzia bibi kazi ndiyo salamu.

Kikundi kazi cha Geneva kitakapoandika rasimu yake, kutakuwa na mvutano mkali kuhusu jambo ambalo serikali nyingi hazitaki kulisema wazi. Nchi zinazozidi kuzeeka zinapandisha umri wa kustaafu ili watu wafanye kazi miaka mingi zaidi, na wakati huohuo zinategemea babu na bibi wawalee watoto bure ili kizazi cha kati kiweze kuajiriwa. Mwanamke wa miaka 62 hawezi kuwa ofisini na nyumbani kwa saa ileile. Serikali inayomrudisha kazini bila kujenga vituo vya kulea watoto inamwondolea binti yake msaada aliokuwa nao, na binti huyo ndiye atakayepunguza saa za kazi au kuacha kabisa. Kwa hiyo mama kijana anayedhani mkataba wa wazee haumhusu, asome rasimu hiyo ikitoka. Masaa yatakayojadiliwa humo ni ya mama yake, na yasipolindwa, yatakatwa kwenye yake.